Vifurushi Vyenye Kusafiri Peke Yao

Wengi wetu hutuma barua na picha kwa simu kila siku, lakini tukiulizwa maneno hayo hupita wapi, twanyamaza. Basi, tutazame habari hiyo tangu mwanzo wake.

Katika simu ya zamani, watu wawili wakizungumza, waya wote ulikuwa wao, hata wakinyamaza. Kwa watu si neno. Lakini kompyuta husema upesi sana, kisha hukaa kimya. Kuishikia waya mzima ni hasara tupu. Miaka ya 1960 Paul Baran wa Marekani na Donald Davies wa Uingereza, kila mmoja kwao, waliwaza dawa ileile: habari ikatwe vipande vidogo. Davies ndiye aliyevipa jina la vifurushi. Kila kifurushi huandikwa anwani ya kiendako, kisha hutiwa njiani pamoja na vifurushi vya watu wengine. Penye njia panda pana mashini, ndiyo ruta, yenye kusoma anwani na kukielekeza mbele. Njia moja ikizibwa, kitapita nyingine.

Tarehe 29 Oktoba 1969, mtandao wa Arpanet ulijaribiwa mara ya kwanza. Kompyuta ya chuo kikuu kimoja cha Los Angeles ilipeleka neno LOGIN. Zikafika herufi mbili tu, L na O, mashini ikakwama!

Lakini shauri gumu lilikuwa hili: kifurushi kikipotea, ni nani wa kukitafuta? Wenye simu walisema: Ni sisi, maana njia ni yetu. Mfaransa Louis Pouzin, katika mtandao wake wa Cyclades, alikataa. Vifurushi viende vyenyewe, hata cha tano kikitangulia cha pili. Kompyuta za huku na huku ndizo zivipange, na kilichopotea kitumwe tena. Kumbe, njia ikiwa na kazi ndogo hivyo, kila mtu aweza kuanzisha jambo jipya pasipo kuomba ruhusa kwa wenye njia. Twaona ndipo ulipokuwa ugomvi hasa. Posta ya Ufaransa ikajenga mtandao wake, Transpac, uliofunguliwa mwaka 1978. Cyclades ikanyimwa fedha, ikafa.

Hata hivyo Wamarekani Vinton Cerf na Robert Kahn walikuwa wamekwisha kuitwaa fikira ya Pouzin katika mapatano waliyoyatangaza mwaka 1974, yaani namna kompyuta zinavyopaswa kusemezana. Tarehe 1 Januari 1983 Arpanet yote ikaanza kuyafuata, na intaneti huyafuata hata leo. Mwaka 2013 Pouzin, mzee wa miaka zaidi ya 80, alipewa pamoja nao zawadi ya Malkia Elizabeth ya uhandisi. Transpac ilikuwa imefungwa mwaka uliotangulia.