Kiti Kilibaki, Nguvu Ikaondoka

Wasikilizaji wetu wa Katonga, Ujiji na nchi yote ya Buha, mazungumzo haya yahusu swali moja: je, mtawala aweza kunyang'anywa utawala wake hali angali ameketi kitini? Aweza, na habari yake yaanzia mbali, katika Bara Hindi.

Huko Waingereza hawakuwaondoa wafalme wote kwa vita. Wengi walifungwa kwa mapatano: mfalme akae na heshima zake, bali agharimie majeshi ya Waingereza, na mjumbe wao akae karibu naye kumshauri. Mtawala wa Awadh alilazimishwa mwaka 1801 kutoa karibu nusu ya nchi yake. Mwaka 1856 mrithi wake akatwaliwa iliyosalia.

Desturi ya kutawala kwa kupitia wakuu wenyeji ilienezwa Nijeria na Lugard, mzaliwa wa Madras. Donald Cameron alitumikia huko chini yake, kisha akaja nayo Tanganyika alipofanywa Gavana mwaka 1925.

Kigoma ilikuwa imekwisha tawaliwa na Wajerumani, na tangu 1916 na Wabelgiji, hata Waingereza walipoipokea mwaka 1921. Lakini Mwami wa Waha alikuwapo kabla yao wote. Alipokea ng'ombe na mazao kwa watu wake, akawaweka wakuu wadogo, na hukumu yake ilikuwa ya mwisho.

Sheria ya mwaka 1926 haikumwondoa Mwami, ilimthibitisha. Walakini aliyethibitishwa na Gavana aliweza pia kuuzuliwa naye. Zawadi za kale zikageuzwa kodi ya fedha, na Mwami akapewa mshahara kutoka katika hazina iliyosimamiwa na Bwana Shauri. Kwa sheria ya mwaka 1929, rufani za baraza lake zikaenda kwa Bwana Shauri huyo, na mwisho wake kwa Gavana.

Wahenga walisema: mkono mtupu haulambwi. Mwami aliyekuwa akipokea na kugawa sasa alikuwa mtu wa mshahara. Naye ndiye aliyeamriwa kuwatoza watu wake kodi, lawama ikamwangukia yeye. Serikali ya Tanganyika huru ilipoondoa utawala wa machifu mwaka 1963, nguvu yenyewe ilikuwa imekwisha ondoka zamani.

Basi, ukitaka kumjua mwenye nchi, usimtazame aliyeketi kitini. Uliza ni nani alipaye mshahara, ni nani akataye rufani ya mwisho, na ni nani awezaye kuuzulu.