Garidago, Wala Si Msafara

Imeniwia vigumu kunyamaa tangu kiliponiangukia mikononi kijitabu kimoja cha wasafiri wa Uingereza, kilichofasiriwa kwa Kiswahili na watu wanaolipwa ujira kwa kazi hiyo, ambamo imeandikwa, bila ya haya wala tanbihi, ya kuwa mgeni aliyechoshwa na hema aweza kununua msafara mdogo akaufunga nyuma ya motokaa yake. Msafara, kwa kila aliyeinyonya lugha hii, ni watu: ni wapagazi waliotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, ni maharusi wanaosindikizwa kwa ngoma, ni magari ya mkubwa wa nchi yanayopita kwa ving'ora ilhali sisi tumesimamishwa kando ya njia, na msafara haununuliwi dukani, seuze kulaliwa ndani yake. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba istilahi hiyo ilipitishwa na kamati, na kwamba pendekezo langu, ambalo nilikuwa nimelipeleka kwa barua ndefu yenye hoja na ushahidi, lilisomwa kwa shukrani.

Asili ya upotovu huu ni kufuata jina na kuliacha jambo. Waingereza walilipata neno lao, caravan, kwa Wafaransa, nao Wafaransa walilitoa Mashariki, katika neno la Kiajemi, karwani, ambalo maana yake ilikuwa ndiyo hasa hiyo ya msafara wetu, yaani kundi la wafanyabiashara na ngamia wao wanaokwenda pamoja kwa kuwahofu wanyang'anyi. Katika karne ya 17 Waingereza wakalihamisha neno hilo, wakaliita kwalo gari kubwa lililofunikwa juu. Katika karne ya 19 wakazipa jina hilo hilo nyumba za magurudumu za Wajipsi na za watu wa maonyesho. Kisha, kana kwamba hawajalitaabisha vya kutosha, wakalikata kichwa na kubaki na mkia, van, ambao ndio jina la magari yao ya mizigo hata leo. Mfasiri wetu amelifukuza neno hilo kinyumenyume mpaka jangwani, akalikamata kwa ngamia, akalileta kwetu akidhani ameleta nyumba. Amma wale walioandika "karavani" tu, wakaenda zao, nawapa heshima ya kutowajadili.

Lau wangalitazama jambo lenyewe, wangalimkuta daktari wa Kiskoti, William Gordon Stables, mganga mstaafu wa manowari na mtungaji wa hadithi za vijana, ambaye alitengenezewa na mafundi wa magari wa Bristol nyumba ya magurudumu iitwayo Wanderer, na mwaka 1885 akasafiri nayo kutoka kusini mwa Uingereza hadi Inverness, huku farasi wawili wakiikokota na mtumishi wake akitangulia kwa baiskeli ya magurudumu matatu ili kuwaonya waliokuwa njiani. Huyu ndiye ahesabiwaye kuwa wa kwanza kuundiwa kitu hicho kwa ajili ya starehe wala si kwa riziki. Na alipokiandikia kitabu, mwaka uliofuata, alikiita jahazi la nchi kavu. Farasi waliondoka baada ya vita vya 1914 hadi 1918, motokaa zikashika mahali pao. Lakini nasaba imekwisha kuthibiti, nayo ni nasaba ya bahari.

Sasa sisi, watu wa pwani, tunalo neno la bahari lililokuwa likitungoja: dago. Wavuvi wa Unguja na Pemba, wakifuata samaki kwa misimu yao, huenda dago, yaani hukaa ufukoni mbali na kwao kwa siku nyingi, na sufuria zao, na mikeka yao, na mahali maalumu pa moto na pa kulala, kisha hurejea makwao. Kambi haina ladha hiyo, kwa kuwa kambi ni ya askari na ya wakimbizi, na aghalabu aliyemo hakupenda kuwamo. Hema nalo ni kitambaa na kamba tu, na aliyepata kuamka usiku wa mvua akakuta godoro limetota na vigingi vimeng'oka hahitaji kufafanuliwa. Dago ni makao ya muda ya mtu aliyetoka kwake kwa hiari na akajitengenezea raha. Basi kama gari la moshi lilivyokuwa garimoshi, na hakuna kamati iliyolia, gari la dago liwe garidago, na wingi wake magaridago.

Nimeambiwa kwamba neno hili ni la wavuvi, halifahamiki bara. Behewa je? Zamani lilikuwa neno la wenye majumba ya mawe, maana yake ua wa ndani uletao mwanga na hewa vyumbani; reli ilipofika, likapandishwa juu ya chuma, na leo msafiri wa Tabora hulitamka bila ya kuwa na habari ya ua wowote. Mwingine, ambaye elimu yake ni kubwa kuliko busara yake, alinionya kwamba "dago" kwa Kiingereza ni tusi la kuwatukania Wataliano. Nikamwuliza tangu lini Kiswahili kikaanza kuomba ruhusa kwa matusi ya watu wengine, naye hajanijibu, ingawa ameniandikia mambo mengi yasiyohusiana na swali hilo.

Kuhusu matumizi, si mengi ya kusema: lile lifungwalo nyuma ya motokaa, ambalo mwenyewe akifika hulifungua, akaliteremshia miguu yake minne, akafungua gesi, na usiku akaishusha meza baina ya viti viwili ikawa kitanda, ni garidago la kukokotwa, na lile lenye injini yake ni garidago la injini. Na lile hema likunjuliwalo juu ya paa la gari, ambalo watalii wengi huzunguka nalo mbugani siku hizi, libaki hema la paani, kwani mwenye kulala humo bado hupanda ngazi, na mvua ya upepo bado humpata.