Nani Alikuwa Anachemsha Maji ya Sultani?

Ukitaja Sultan Barghash bin Said, kila mtu Mji Mkongwe ana la kusema. Beit el-Ajaib ni yake. Maji safi kuletwa mjini kutoka chemchemi, yeye. Hamamni, yeye tena. Ila waliokuwa wanachemsha maji yake, nchi kavu na baharini, hakuna anayewajua hata jina moja. Hebu leo tuwazungumzie hao.

Tuanze na meli. Mwaka 1872 kimbunga kilipiga Unguja na kuangamiza meli za Sultani. Baadaye akaagiza chombo kipya kutoka Scotland. Kampuni ya William Denny ikakijenga Dumbarton, na mwaka 1878 kikafika Unguja. Kikaitwa Glasgow, jina la manowari moja ya Waingereza. Milingoti mitatu, mbao za msaji juu ya mbavu za chuma, na ndani yake injini ya mvuke. Kwa lugha ya leo, hiyo ndiyo yacht ya bosi.

Sasa, stori yenyewe iko chini ya sitaha. Injini ya mvuke kazi yake inaanza na maji ya moto tu. Kuna boila, yaani birika kubwa la chuma, na moto wa makaa ya mawe. Huwezi kuwasha na kuondoka fasta kama bodaboda. Moto unawashwa saa kadhaa kabla ya safari, taratibu, ili chuma kisipasuke kwa joto la ghafla. Mchochea moto anatupia makaa kwa koleo, anayasambaza, anatoa majivu, huku jicho liko kwenye kioo kinachoonyesha kiwango cha maji. Maji yakipungua sana, chuma kilicho juu ya moto kinabaki kikavu, kinalainika, boila linaweza kulipuka. Yakizidi, yanaingia kwenye injini pamoja na mvuke na kuivunja. Kwa hiyo usalama wa wote waliokaa juu kwenye mazulia ulikuwa mikononi mwa mtu aliyejaa masizi.

Nchi kavu mambo yalikuwa yale yale. Hamamni ilijengwa kwa ajili ya watu wa mji, na fundi wake alikuwa Haji Gulamhussein. Kulikuwa na vyumba vya baridi na vya moto, na joto lilitoka chini ya sakafu. Mteja alikaa, akatoka jasho, akasuguliwa, akaenda zake mwepesi. Kabla ya hapo, mwaka 1850, Seyyid Said alikuwa ameshajenga hamamu ya Kidichi, huko mashamba, kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Schehrazad. Mpaka leo ukienda unaonyeshwa mapambo ya ukutani. Tanuri haina mapambo, kwa hiyo hakuna anayelipiga picha.

Na kuni hazikujikata zenyewe. Utumwa Unguja uliendelea kuwa halali mpaka 1897, miaka 24 baada ya soko la watumwa kufungwa. Hata neno "kibarua" tunalolitumia kila siku lina historia hiyo: mtumwa aliyekodishwa kwa kazi za mjini alipewa kikaratasi, barua ndogo, na sehemu ya ujira ilikwenda kwa bwana wake.

Mwisho wa Glasgow unajulikana. Agosti 27, 1896, Khalid bin Barghash alipokataa kutoka kasri, Waingereza walipiga mizinga. Vita iliisha chini ya saa moja. Glasgow ilijibu kwa mizinga yake midogo, ikazamishwa pale pale bandarini. Mabaharia wake wakaokolewa na boti za Waingereza. Miaka mingi milingoti ilibaki imechomoza juu ya maji, watu wakiitazama tu.

Leo boti za kifahari bado zinatia nanga mbele ya mji, na maji ya moto bado yapo. Nyingi hazina moto wa kuchochea. Maji yanayopoza injini yanapitishwa kwenye bomba lililojikunja ndani ya tangi, na joto ambalo lingepotea ndilo linalochemsha maji ya kuoga. Injini ikizimwa, kuna hita ya umeme. Zile za Ulaya huwa na mtambo wa dizeli wa kupasha vyumba, ila kwa joto la Unguja nani ataugusa? Mgeni anafungua bomba, anaoga, anapiga selfi. Anayekagua valvu ya tangi na kuangalia geji ya injini yuko chini, na kwenye selfi hayumo.

Majina ya masultani tunayo yote. Kwenu kuna babu au bibi aliyewahi kusimulia ndugu aliyechochea moto melini au hamamuni? Mtaje hapo chini, angalau jina moja liandikwe.