Mamo Wolde, Mshindi wa Baada ya Bikila

Kila inapotajwa Ethiopia katika habari za mbio ndefu, jina la kwanza kutoka kinywani huwa ni la Abebe Bikila, aliyekimbia kwa miguu peku katika njia za Roma jioni ya tarehe 10 Septemba 1960, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kutwaa dhahabu ya Olimpiki. Habari ile ina uzuri wa ngano: askari asiyejulikana, miguu mitupu, na mji mkuu wa taifa lililoivamia nchi yake miaka 25 kabla ya hapo. Watu wameipenda, na wana haki ya kuipenda. Lakini kisa kinachopendwa mno hukifunika kilicho jirani yake, na kilichofunikwa hapa ni kisa cha Mamo Wolde.

Wawili hawa walizaliwa mwaka mmoja, 1932, Mamo mwezi wa Juni na Bikila mwezi wa Agosti. Wote wawili walikuwa watoto wa mashamba ya nyanda za juu, wakaingia Addis Ababa wangali vijana, na wote wakavaa sare ya Jeshi la Walinzi wa Mfalme wa Wafalme, Haile Selassie. Jeshi hilo ndilo lililokuwa chuo cha wanariadha wa Uhabeshi, kama wazee wa mwambao walivyoizoea kuiita nchi hiyo. Humo mkimbiaji alipata chakula, muda wa mazoezi na mwalimu. Alipata pia amri, kwa kuwa mbio zake hazikuwa zake peke yake. Askari hukimbia kama anavyokwenda doria, kwa kutumwa. Mamo alitumwa hata Korea, katika kikosi ambacho Ethiopia ilikipeleka chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa.

Mwaka 1956 Ethiopia iliingia kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki, mjini Melbourne, na Mamo alikuwamo katika msafara huo. Alikimbia mita 800, mita 1,500 na mbio za kupokezana vijiti, na kote huko hakuvuka mchujo. Angeachia hapo, leo asingekuwapo wa kumtaja. Miaka minne baadaye, Roma ilipowaka kwa jina la Bikila, Mamo hakuwamo katika timu. Alirejea Tokyo mwaka 1964, akiwa sasa amekwishajua kwamba miguu yake haikuumbiwa mbio fupi. Katika mita 10,000 alimaliza wa nne, nafasi ile chungu kuliko zote, inayomruhusu mtu kuziona medali kwa karibu bila kuzigusa. Katika marathoni alijitoa njiani. Siku hiyohiyo Bikila, aliyekuwa amepasuliwa kidole tumbo wiki chache tu kabla, alishinda dhahabu yake ya pili na kuvunja rekodi ya dunia.

Ndivyo ulivyokuwa umri wa ujana wa Mamo: mwingine akitangulia, yeye akifuata. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu, nasi tumezoea kuitumia methali hiyo kana kwamba uvumilivu ni kukaa na kungoja chini ya mti. Mamo aliishi maana yake nyingine. Kutoka Melbourne hadi siku yake ya kushinda ni miaka 12, na katika miaka hiyo aliubadili mwendo wake, akaubadili umbali wake, akaanza tena akiwa na umri ambao wenzake walikuwa wanastaafu.

Siku hiyo ilimfikia Mexico City mwaka 1968. Mji ule uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi na vifua vilivyolelewa pwani hupungukiwa pumzi. Wana wa nyanda za juu za Afrika walikuwa kwao. Tarehe 13 Oktoba, katika mita 10,000, Mamo na Naftali Temu wa Kenya waliwaacha wengine wote na kubaki wawili katika mzunguko wa mwisho. Mamo alitangulia, Temu akampita karibu na utepe. Tofauti yao haikutimia hata sekunde moja. Temu akaipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, na Mamo, kwa mara nyingine, akawa mtu aliyefuata.

Baada ya siku saba ilikuja marathoni. Dunia ilimtazama Bikila, aliyetaka dhahabu ya tatu mfululizo. Wachache walijua kwamba mguu wake ulikuwa na jeraha. Kiasi cha kilomita 17 hivi, bingwa akaacha njia. Mamo mwenyewe alisimulia baadaye kwamba kabla ya kujitoa, Bikila alimweleza kuwa yeye hatafika, na kumkabidhi kazi ya kushinda. Tazama namna ya makabidhiano hayo: hayakufanyika ikulu wala mbele ya wapiga picha, yalifanyika barabarani, baina ya pumzi na pumzi, kwa maneno yasiyozidi ubeti mmoja. Aliyezoea kufuata alitakiwa aongoze papo hapo, bila muda wa kujiuliza kama anaweza.

Aliweza. Alikwenda kwa hesabu, akaliacha kundi nyuma, na Temu, aliyemshinda wiki iliyopita, akalegea na kumaliza wa 19. Mamo aliingia uwanjani peke yake kwa muda wa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Kenji Kimihara wa Japani, aliyemfuatia, alifika zaidi ya dakika tatu baadaye. Mshindi alikuwa na umri wa miaka 36. Ethiopia ilikuwa imeshinda marathoni ya Olimpiki mara tatu mfululizo, na mara ya tatu ni ya Mamo Wolde.

Miezi mitano baadaye, Machi 1969, Bikila alipata ajali ya gari na hakutembea tena. Mamo aliendelea. Mwaka 1972, mjini Munich, akiwa na miaka 40, alipata medali ya shaba katika marathoni, nyuma ya Frank Shorter wa Marekani na Karel Lismont wa Ubelgiji. Akawa mtu wa pili katika historia, baada ya Bikila, kupata medali katika marathoni mbili mfululizo za Olimpiki. Mwaka uliofuata, Oktoba 1973, Bikila alifariki dunia na taifa zima likamlilia. Tena baada ya mwaka mmoja, mfalme aliyewavisha wote wawili sare aling'olewa katika kiti chake, na wanajeshi wa Derg wakaishika nchi.

Hapa ndipo wasimulizi wengi wa riadha hufunga kitabu. Kilichobaki ndicho kinachomtofautisha Mamo na mashujaa wa ngano.

Kati ya mwaka 1977 na 1978, chini ya Mengistu Haile Mariam, Ethiopia ilipita katika kipindi kilichoitwa Ugaidi Mwekundu. Maelfu ya watu waliuawa, wengi wao wakiwa vijana na wanafunzi, na maiti zikaachwa barabarani ili walio hai wapate somo. Utawala uliendesha kazi hiyo hadi mitaani, kupitia vyama vya mitaa viitwavyo kebele, na Mamo alikuwa na wadhifa katika mtaa wake. Derg ilipoanguka mwaka 1991, watawala wapya waliwakamata waliohusika na mauaji hayo, na Mamo alikuwa miongoni mwao. Alishtakiwa kwamba alishiriki katika kumwua kijana mmoja. Alikana kuua, alisema kwamba aliamriwa kuwapo pale, na kwamba kifo kile hakikutoka mkononi mwake.

Alikaa gerezani miaka tisa, sehemu kubwa ya miaka hiyo bila hukumu. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilimwombea kwa serikali. Kenny Moore, Mmarekani aliyemaliza wa nne nyuma yake huko Munich na baadaye kuwa mwandishi, alisafiri, akaandika, akaifanya dunia ikumbuke kwamba mtu yule yu hai na yumo kifungoni. Januari 2002 mahakama ilimtia hatiani kwa kosa dogo kuliko lile la awali na kumhukumu miaka sita. Kwa kuwa alikwisha kukaa zaidi ya hiyo, aliachiwa. Afya yake ilikuwa imevunjika. Tarehe 26 Mei mwaka huohuo alifariki, akiwa na miaka 69. Mengistu, aliyekimbilia Zimbabwe mwaka 1991, alitiwa hatiani mwaka 2006 bila kuwapo mahakamani.

Wapo watakaosema habari ya gereza haifai kuchanganywa na habari ya mbio, na kwamba mwanariadha apimwe kwa saa na kwa utepe. Lakini mapokeo ya mwambao hayakuwahi kufundisha hivyo. Anayesimulia habari za Fumo Liyongo haruki kifungo chake wala kifo chake ili abaki na nguvu zake tu. Gereza la Liyongo ni sehemu ya ukubwa wake. Tofauti ni kwamba Liyongo wa tenzi hana la kujibu, na Mamo alikuwa nalo. Kulikuwa na kijana aliyekufa, na kulikuwa na wazazi waliobaki. Medali haimfufui mtoto wa mtu, wala haimtoi mwenye medali mbele ya swali. Nalo swali halimnyang'anyi Mamo njia aliyoikimbia Mexico. Vyote viwili ni kweli, na msimulizi mwaminifu hubeba vyote viwili.

Iko methali ya pwani isemayo mbio za sakafuni huishia ukingoni. Huambiwa mwenye kujivuna, anayekimbia juu ya dari la nyumba akidhani uwanja hauna mwisho. Mamo hakuwa mwenye majivuno. Miaka 12 ya kufuata nyuma haimwachii mtu nafasi ya kujivuna. Hata hivyo ukingo ulimkuta. Jeshi lililompa viatu na chakula lilimpa pia mazoea ya kutii, na mazoea ya kutii, nchi inapoingia wazimu, humfikisha mtu mahali ambapo hakupanga kufika. Aliyeitikia agizo la Bikila barabarani akapata dhahabu ndiye aliyejikuta, miaka kumi baadaye, mbele ya agizo la namna nyingine.

Mamo alizikwa Addis Ababa, katika makaburi ya Mtakatifu Yosefu, alikozikwa pia Bikila. Baada yao Ethiopia imewatoa Miruts Yifter, Derartu Tulu, Haile Gebrselassie, Kenenisa Bekele na Tirunesh Dibaba, na kila mmoja amepokea kitu kutoka kwa Bikila wa Roma. Kutoka kwa Mamo walipokea jambo lisiloimbika kwa urahisi: kwamba aliyeshindwa katika mchujo akiwa na miaka 24 anaweza kuingia uwanjani peke yake akiwa na miaka 36. Mshairi atakayemwandikia utenzi asianzie Mexico. Aanzie Melbourne, na asiogope kufika gerezani.