Wi-Fi ya nyumbani nzito? Jua kwanza tatizo liko wapi kabla hujanunua ruta mpya

Saa 2 usiku, Urambo mjini. Sebuleni mtu anaangalia mpira kwenye simu. Chumbani kijana aliyemaliza kidato cha sita anajaza maombi ya mkopo kwenye mfumo wa HESLB, na ukurasa unazunguka tu. Kesho yake mwenye nyumba ananunua bando kubwa zaidi, au ruta mpya kabisa. Wiki ikiisha, hali ni ileile.

Hela imeondoka kwa sababu swali moja halikuulizwa: uzito huu unatoka nje ya nyumba au ndani?

DATA INASAFIRI MARA MBILI

Nyumba ambayo haijafikiwa na mkongo kwa kawaida inatumia ruta ya laini ya simu. Safari ya kwanza ni kutoka mnarani mpaka kwenye ruta, kwa 4G. Ya pili ni kutoka kwenye ruta mpaka kwenye simu yako, kwa Wi-Fi. Bando kubwa halitoboi ukuta mnene, na ruta ya kisasa haisogezi mnara ulio mbali.

PIMA HIVI

1. Waambie wengine wapumzike kidogo. Kaa mita mbili kutoka kwenye ruta, fungua fast.com, andika namba uliyopata.
2. Nenda chumba kinachosumbua, pima tena.
3. Rudia kipimo cha kwanza kesho yake alfajiri.

Namba ikiwa ndogo hata pembeni ya ruta, tatizo liko nje. Ikiwa kubwa pembeni ya ruta lakini ndogo chumbani, tatizo liko ndani. Alfajiri ikiwa safi na usiku nzito, mara nyingi ni mnara umeelemewa na watumiaji.

Angalizo: kipimo chenyewe kinakula bando, usikirudie ovyo.

Namba hiyo ni megabiti kwa sekunde. Igawe kwa 8 upate megabaiti: 16 ni sawa na megabaiti 2 kwa sekunde. Kwa kulinganisha, Netflix inashauri megabiti 3 kwa picha ya 720p na 5 kwa 1080p. Kujaza fomu hakuhitaji kasi kubwa. Kunahitaji mtandao usiokatika.

TATIZO LIKIWA NJE

Anza na bure. Toa ruta sakafuni au nyuma ya TV, iweke juu, karibu na dirisha linaloelekea mnara. Bati la paa na nondo za dirisha vinazuia mawimbi, hivyo kusogeza hata mita moja kunaweza kubadili namba. Jaribu madirisha matatu, pima kila moja.

Ruta nyingi zinaonyesha nguvu ya mawimbi kwenye ukurasa wake wa mipangilio. Anwani ya ukurasa huo, mfano 192.168.1.1 au 192.168.8.1, imeandikwa kwenye kibandiko chini ya ruta. Tafuta RSRP. Ni namba hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo nzuri. Karibu na -80 ni safi. Ikifika -110, mnara unasikika kwa shida.

Kabla hujahama mtandao, azima laini ya mtandao mwingine, iweke kwenye simu, pima palepale na saa ileile. Mtandao unaosifiwa mjini unaweza kugoma ukifika Vumilia au Songambele, kwa sababu umbali wa mnara hutofautiana kwa kila mtandao.

Ukiwa mbali na mnara, antena ya nje kwenye nguzo inasaidia. Ila hakikisha ruta ina matundu ya kuchomeka antena, maana nyingine hazina. Waya wa antena uwe mfupi, kwani waya mrefu mwembamba unapoteza mawimbi njiani.

Soma pia masharti ya kifurushi. Baadhi ya vifurushi vinavyoitwa vya bila kikomo hupunguzwa kasi ukishafika kiwango fulani cha matumizi.

TATIZO LIKIWA NDANI

Adui wa kwanza ni ukuta. Tofali za kuchoma zikipangwa nene zinakula mawimbi, na simtanki lililojaa maji linayameza. Ruta ikae katikati ya wanaoitumia. Kama katikati hakuna 4G nzuri, iache dirishani na utatue upande wa pili kwa waya, kama inavyoelezwa hapa chini.

Adui wa pili ni masafa. Ruta nyingi za sasa zina mawili: gigahezi 2.4 na gigahezi 5. La 5 lina kasi zaidi lakini linachoka haraka ukutani. La 2.4 linafika mbali lakini ni la polepole. Ukiwa chumba kimoja na ruta tumia 5, chumba cha mbali tumia 2.4. Kwenye fremu za sokoni zilizobanana, badilisha pia chaneli ya 2.4: chagua 1, 6 au 11, kwani hizo haziingiliani.

Adui wa tatu ni wageni. Angalia orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Usivyovitambua, badilisha nywila na uchague ulinzi wa WPA2 au WPA3. Vifaa vyote vitatoka, rudisha vya kwako tu.

KAMA LAZIMA UNUNUE

Kifaa cha kurudufu mawimbi ni rahisi kufunga, lakini vile vya bei ya chini hupunguza kasi mpaka karibu nusu, kwa sababu kinapokea na kutuma kwa masafa yaleyale. Njia imara zaidi ni kuvuta kebo ya Cat5e kutoka kwenye ruta mpaka chumba cha mbali, kisha kuweka hapo ruta ya pili ya kusambaza Wi-Fi. Kebo hiyo inafanya kazi hadi mita 100.

Ukinunua ruta iliyotumika, weka laini yako na uijaribu ukiwa hapohapo dukani. Nyingine zimefungwa kwa mtandao mmoja, na utajua ukishafika nyumbani.

Umeme ukikatika, betri ndogo ya akiba ya ruta inaokoa fomu iliyojazwa nusu. Linganisha volti za betri na zilizoandikwa kwenye chaja ya ruta, mara nyingi ni 12.

Na kijana wa fomu? Usiku wa leo azime Wi-Fi za wengine kwa nusu saa, au aamke alfajiri. Hiyo haina gharama. Muhimu asisubiri siku ya mwisho, kwa sababu siku hiyo hata mfumo wenyewe unaweza kuwa mzito, na hapo hakuna ruta itakayosaidia.