M. G. Vassanji

Moyez Gulamhussein Vassanji (alizaliwa Nairobi, 1950) ni mwandishi wa riwaya na wa vitabu vya safari, raia wa Kanada mwenye asili ya Afrika Mashariki. Baada ya baba yake kufariki, mama alihamia Dar es Salaam pamoja na watoto, akawalea kwa kipato cha duka. Vassanji alisomea fizikia ya nyuklia nchini Marekani, akahamia Kanada mwaka 1978.

Riwaya yake ya kwanza, The Gunny Sack (1989), ndiyo mlango bora wa kuingilia katika kazi zake. Salim anarithi gunia kuukuu kutoka kwa bibi Ji Bai. Kila kitu kinachotolewa humo kinafungua kisa cha ukoo wa Wahindi waliohamia pwani ya Afrika Mashariki enzi za Wajerumani. Wachache wameandika maisha ya wenye maduka wa Kihindi kwa undani na huruma kiasi hicho. The Book of Secrets (1994), inayozunguka shajara ya ofisa wa kikoloni ya mwaka 1913, ilipata Tuzo ya Giller, ya fasihi ya Kanada, mwaka tuzo hiyo ilipotolewa kwa mara ya kwanza. Aliitwaa tena kwa The In-Between World of Vikram Lall (2003), inayoanzia Nakuru wakati wa Mau Mau.

Katika vitabu vyake vya safari, A Place Within (2008) kinahusu India ya mababu zake. And Home Was Kariakoo (2014) kinamrudisha Tanzania na Kenya, akisafiri sana kwa basi.