Msaada au Mkopo? Jinsi Reli ya TAZARA Ilivyogharimiwa

Watu wengi huitaja reli itokayo Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, kuwa ni msaada wa Uchina. Neno hilo limekwisha kuzoeleka, lakini halilingani na mapatano yenyewe. Maana msaada hupokewa bila deni, nayo reli hiyo ilijengwa kwa mkopo. Tofauti hii si ya maneno matupu, kwa kuwa neno la kwanza huwasahaulisha watu ni nani aliyelipa.

Zambia ilipopata uhuru mwaka 1964, shaba yake ilisafirishwa kwa reli iliyopita Rhodesia ya Kusini. Mwaka huo huo Benki ya Dunia iliona kwamba reli ya kwenda Dar es Salaam isingerudisha gharama zake. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia wakajitangazia uhuru, na njia ya zamani ikawa ya mashaka. Hivyo jambo lililohesabiwa na benki kuwa ni hasara likawa, kwa serikali mbili, sharti la kujitegemea. Septemba 1967 Tanzania na Zambia zilitia saini mapatano na Uchina mjini Beijing.

Mwaka 1970 mkopo uliafikiwa kuwa yuan milioni 988, bila riba, ulipwe kwa muda wa miaka 30, kila nchi ikibeba nusu. Reli, injini na mafundi viliweza kutoka Uchina; lakini mishahara ya vibarua wa Kiafrika na mahitaji yaliyonunuliwa hapa yalitaka shilingi na kwacha. Fedha hizo zilipatikana kwa njia ya biashara. Mashirika ya umma ya nchi hizi mbili yaliagiza bidhaa za Uchina kwa mkopo, yakaziuza, na mapato ya mauzo yakalipia gharama za ndani.

Basi mnunuzi aliyechukua nguo au chombo cha nyumbani kilichotoka Uchina alikuwa amechangia reli pasipo kujua. Hiyo haikuwa kodi, kwani alipata kitu chake. Lakini shilingi yake ilipokwisha kugeuka mshahara wa kibarua, thamani ya bidhaa ile ilibaki kuwa deni la serikali, la kulipwa baadaye kwa mali ya umma.

Ujenzi ulizinduliwa Oktoba 1970, na reli yenye urefu wa kilometa 1,860 ikakabidhiwa Julai 1976. Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Kukosekana kwa riba kulipunguza uzito wa matanga hayo, hakukuyaondoa. Mwandishi wa tarehe aandikapo "msaada" huusifu ukarimu wa mkopeshaji, jambo la haki. Lakini aandikapo "mkopo" humtaja na mlipaji pia, ambaye ni mwananchi wa Tanzania na wa Zambia.